Hesabu ya Wageni wa Tovuti

Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo tuna hesabu za kutoa na kugawanya. Tutajifunza jinsi ya kujua ni watu wangapi wanaoitembelea tovuti, na jinsi ya kuzisoma tarakimu zake bila kudanganyika.

Kwanza tuelewane maneno. Tovuti ni mkusanyo wa kurasa ambazo mtu huzisoma kwa simu au kwa kompyuta, mahali popote penye intaneti. Kurasa hizo hazikai hewani. Zimewekwa katika kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana, nayo huitwa seva. Vyama vingi havina seva yao wenyewe. Hupanga nafasi katika seva ya kampuni, kama mfanyabiashara apangavyo chumba sokoni, nao hulipa kodi kila mwezi au kila mwaka.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme ninyi ni wanachama wa ushirika wa wakulima wa kahawa. Ushirika wenu una tovuti yenye picha za mashamba, habari za kahawa yenu, na bei. Mwaka umekwisha, na kodi ya tovuti yadaiwa tena. Katibu anasimama mbele ya mkutano mkuu na kusema, "Ndugu wanachama, mwezi uliopita tovuti yetu imepata hiti 42,000! Tulipe." Watu wanapiga makofi. Je, nanyi mpige makofi? Ngojeni kwanza. Fedha hizo ni jasho lenu. Yafaa mwulize: hizo hiti 42,000 ni nini? Je, ni watu?

La, si watu. Nitawaelezeni.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Seva nayo ina daftari lake. Kila simu au kompyuta inapoiomba kitu, seva huandika mstari mmoja. Katika mstari huo huandika anwani ya kifaa kilichoomba, ambayo ni namba iitwayo anwani ya IP. Tena huandika tarehe na saa, jina la kitu kilichoombwa, na jibu lililotolewa. Mara nyingi huandika pia ukurasa ambao mgeni alitoka, na aina ya programu aliyotumia kusomea. Kila ombi moja ni hiti moja, yaani mstari mmoja wa daftari. Basi katibu wenu amehesabu mistari. Hakuhesabu wageni.

Haya, shikeni kalamu. Tutaipunguza 42,000 hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: maroboti. Yako maprogramu yanayozunguka katika intaneti na kusoma kurasa yenyewe, bila mtu. Mengine yana kazi njema. Kwa mfano, roboti la Google husoma kurasa ili watu waweze kuzipata wanapotafuta neno. Mengine huja kwa ubaya, kujaribu milango iliyo wazi. Yote huandikwa katika daftari, lakini hakuna hata moja litakalonunua kahawa. Tuseme maroboti ni mistari 6,900. Iko pia mistari 100 ya makosa, ambayo tutaieleza baadaye. Jumla ni 7,000. Toeni katika 42,000. Imebaki 35,000.

Hatua ya pili: picha. Mtu akifungua ukurasa mmoja wenye picha 13, kifaa chake huomba ukurasa wenyewe mara moja, kisha huomba kila picha peke yake. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa kufungua ukurasa mmoja, ameandika mistari 14. Kwa urahisi wa hesabu, tuseme kila ukurasa wenu una picha 13, na kila mara huombwa zote. Gawanyeni 35,000 kwa 14. Mmepata kurasa 2,500. Tazameni: mkiongeza picha nyingine 13 katika kila ukurasa, hiti zitakaribia kuwa mara mbili, wala hakuna mgeni hata mmoja aliyeongezeka!

Hatua ya tatu: ziara. Mtu aingiaye dukani huangalia kitu hiki na kile kabla ya kutoka. Hiyo ni ziara moja. Seva haiwezi kumwona mgeni akitoka, kwa hiyo programu za hesabu hukisia. Programu iitwayo AWStats, kwa kawaida, ikiona saa nzima imepita bila anwani ile kuomba kitu, huhesabu ombi lifuatalo kuwa ziara mpya. Google Analytics kwa kawaida hungoja dakika 30 tu. Tuseme kila ziara ilikuwa ya kurasa 2. Gawanyeni 2,500 kwa 2. Mmepata ziara 1,250.

Hatua ya nne: wageni. Mtu mmoja aweza kuja mara kadhaa kwa mwezi. Programu ikihesabu anwani zilizo mbali mbali, tuseme inapata 800. Basi kutoka 42,000 tumefika 800.

Hata hiyo 800 ni makadirio. Kampuni za simu huweza kuwapa wateja wengi anwani moja, na hapo watu kumi huonekana kama mmoja. Tena mtu mmoja mwenye simu na kompyuta huweza kuonekana kama wawili. Naye karani wa ushirika anayefungua tovuti kila asubuhi kuikagua, yumo pia katika hesabu.

Je, tuseme tovuti ni hasara? Hapana, tusikate shauri upesi. Wageni 800 si haba, kama miongoni mwao wamo wanunuzi. Swali kubwa si wangapi walikuja, bali walifuata nini, na je, walikipata?

Hapo ndipo tunairudia ile mistari 100 ya makosa. Seva hujibu kila ombi kwa namba ya tarakimu tatu. Namba 200 maana yake ni, "Haya, chukua." Namba 404 maana yake ni, "Kitu hicho sikioni." Tuseme mistari yenu 100 ina namba 404, nayo yote yauliza ukurasa mmoja tu: ukurasa wa bei. Labda fundi alibadili jina la ukurasa ule, akasahau kurekebisha njia ya kuufikia. Basi mara 100 mtu aligonga mlango wa duka lenu akitaka kujua bei, akaukuta umefungwa. Katibu alifurahia 42,000, na kumbe habari iliyokuwa na maana ilikuwa katika 100! Kuufungua mlango huo ni kazi ndogo ya fundi. Lakini bila kulisoma daftari, mngelipa kodi mwaka mzima, na wanunuzi wangerudi mikono mitupu.

Kazi hii ya kulisoma daftari hufanywa na programu. Mwaka wa 1995, Stephen Turner wa Uingereza alitoa programu iitwayo Analog. Mwaka wa 1997 ikatoka Webalizer. Kampuni nyingi zinazopangisha seva huwapa wapangaji wao AWStats au Webalizer bila malipo zaidi. Mwulizeni mwenye seva wenu. Huenda mnayo tayari.

Iko njia ya pili. Badala ya kusoma daftari la seva, maandishi madogo ya programu hufichwa ndani ya kila ukurasa. Mgeni anapoufungua, maandishi hayo hutuma habari. Google Analytics, iliyoanza mwaka wa 2005, hufanya hivyo. Maroboti mengi hayaamshi maandishi hayo, na wageni wengine huyazuia. Kwa hiyo njia hizi mbili hutoa hesabu mbili, na kwa kawaida hazilingani. Chagueni mizani moja. Mkipima kahawa ya mwaka jana kwa mizani moja, na ya mwaka huu kwa nyingine, hamtajua kama mavuno yameongezeka.

Jambo la mwisho ni uaminifu. Daftari la seva lina anwani za watu, na anwani yaweza kumtambulisha mtu. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019, na Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Someni jumla, tengenezeni kasoro, lakini daftari lenyewe lisitembezwe mkononi mwa kila mtu.

Basi siku katibu atakaposimama, mwulizeni maswali manne. Maroboti yametolewa? Ni ziara ngapi? Kurasa gani zilisomwa zaidi? Na ni milango gani ilikutwa imefungwa? Akiyajibu, ndipo mpige kura ya kulipa au kutolipa.

Zoezi la darasani: Daftari la tovuti lina mistari 30,000. Maroboti na makosa ni 6,000. Kila ukurasa una picha 11, na kila mara huombwa zote. Ziara zilikuwa 500. Je, kurasa zilizosomwa ni ngapi, na kila ziara ilisoma kurasa ngapi? Mkipata kurasa 2,000, na 4 kwa kila ziara, mmelielewa somo.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.