Rabai: Kaya, Kanisa na Mnazi

Ukiiacha barabara kuu ya Mombasa na Nairobi pale Mazeras ukashika njia ya Kaloleni, hukawii kuzingirwa na minazi pande zote. Hapo ndipo Rabai. Wageni wengi hufika kwa ajili ya kitu kimoja tu, jengo la kale la wamisionari ambalo siku hizi ni makumbusho ya Johann Ludwig Krapf. Hutazama picha, husoma maandishi ya ukutani, kisha hao, wamerudi garini. Ziara ya namna hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu jengo lile halikuelezi lolote la maana mpaka ujue limesimama kwenye ardhi ya nani, na kwa ruhusa ya nani.

Warabai ni miongoni mwa makabila tisa ya Wamijikenda. Wazee husimulia kwamba wahenga wao walishuka kutoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakajenga makazi yenye maboma ndani ya misitu ya vilimani. Makazi hayo ndiyo kaya, na Rabai inazo Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni. Baadaye watu walitoka kidogo kidogo kufuata mashamba, lakini misitu haikuachwa. Makaburi ya wahenga yamo humo, na humo ndimo lilimozikwa fingo, kinga ya mji mzima. Haingii mtu bila wazee kujua. Mti haukatwi, hata ukuni uliojiangukia hauokotwi. Mgeni hufungwa kaniki, huvua viatu, wala hapigi picha apendavyo. UNESCO iliziandika kaya za Wamijikenda katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka uliofuata ikaziandika mila zenyewe miongoni mwa zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Uamuzi wa pili ndio ulioshika kiini cha jambo. Misitu ya pwani imefyekwa kila upande, na hii ya kaya imesalimika kwa sababu kuna watu wanaoyashika makatazo yake.

Mmisionari Krapf alitua Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar. Mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki mwaka huo huo. Barua ya Sayyid ilimfungulia milango ya mjini, lakini kwenye vilima vya Rabai neno lilikuwa la wazee wa kaya. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann walihamia huku Agosti 1846, wote wawili wakiwa na homa, baada ya wazee kuridhia. Ni kutoka hapa Rebmann alipofunga safari iliyomfikisha kuiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia ya Uchaga. Rebmann aliishi Rabai mpaka mwaka 1875, alipoondoka macho yakiwa karibu yamezimika. Ubatizo wa kwanza ulikuwa umefanyika mwaka 1851, na aliyebatizwa ni kiwete mmoja, Mringe, akiwa kitandani pa mauti. Hesabu hiyo ndogo inaonyesha jinsi wenyeji walivyompokea mgeni: walimpa mahali pa kukaa, wakamsikiliza, na kaya yao wakabaki nayo.

Sasa tuje kwenye mnazi, maana bila mnazi Rabai haielezeki. Mgema hupanda asubuhi na jioni kwa kukanyaga mapengo yaliyochongwa kwenye shina, kotama kiunoni. Karara ambalo halijafunguka hulifunga, akalikata ncha ugande mwembamba, na utomvu ukadondokea kibuyuni. Ukishushwa ni mtamu, mtoto hunywa. Saa chache baadaye umekuwa tembo la wazee. Ukiachwa zaidi huwa siki ya mboga. Makuti huezekea nyumba, nazi huenda sokoni na chunguni.

Lakini kazi kubwa ya tembo ni ushahidi. Posa haikamiliki bila tembo, na desturi humtaka kijana alipeleke kwa wakwe kwa kipimo kinachojulikana. Shamba likiuzwa au mti ukiwekwa rehani, wazee walioalikwa kunywa ndio mashahidi, na ugomvi ukizuka miaka mingi baadaye wao ndio huulizwa. Isitoshe, mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ulipoota ikawa ya mwingine, jambo linalomtatiza wakili wa mjini lakini ambalo mzee wa hapa hulieleza bila kusitasita. Kabla ya kunywa, matone kadhaa humwagwa chini kwa ajili ya koma, roho za waliotangulia.

Rabai ilipokea pia watu wa aina nyingine. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia misheni, na mabwana zao wakawa wanakuja kuwadai. Kwa miaka kadhaa jumuiya hiyo iliongozwa na William Jones, Myao aliyetekwa utotoni na kusomeshwa India. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,000 wakapewa hati za uhuru. Ukoo wao ungalipo. Wayao, Wanyasa na Wamakua wamezaa na Warabai, na leo ni shida kusema nani alitoka wapi.

Kinachonitia uchungu ni hali ya wazee. Katika Kaunti ya Kilifi, ambamo Rabai imo, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba linalogombaniwa. Mvi zimekuwa hatari, hata wengine huzipaka rangi. Anayeuawa ndiye aliyekunywa tembo la ushahidi, anayejua mpaka uko wapi, na mjukuu mwenye jina lake hana tena wa kumuuliza. Misitu ya kaya imepata ulinzi wa sheria, kwani mingi imetangazwa kuwa kumbukumbu za taifa tangu miaka ya 1990. Wazee nao wanastahili ulinzi ulio imara kama huo: wauaji wafikishwe mahakamani, hati za ardhi zitolewe wenyewe wakiwa hai, na wanayoyajua kuhusu mipaka na miti yaandikwe mbele ya vijana wao.