MASHINI YA KUPIMA MAJI: IKISEMA UONGO, UFANYE NINI?

Wenzetu wa labo wanaijua vizuri: ni balansi yenye taa ya kukausha juu yake. Unaweka gramu 10 za konsantre ya shaba, unafunga kifuniko, taa inatoa maji, na balansi inapima uzito uliopotea. Zikibaki gramu 8,90, maji ni 11 kwa 100. Rahisi. Lakini kosa la gramu 0,1 tu ni 1 kwa 100, na kwa tani 1.000 hizo ni tani 10 za maji zilizohesabiwa kama mali! Ndiyo maana mashini ikikosea kila mtu anakuwa na haraka, shefu wa kwanza. Hapo ndipo mikono inaungua.

Basi ndugu, usifungue kitu. Angalia kwanza. Kale kapovu ka hewa kamekaa katikati ya duara lake? Kuna vantilateri ao mlango wazi unaopuliza balansi? Meza inatikisika? Kasahani kana konsantre ya jana iliyogandamana? Konsantre irundikwe kama kichuguu, itakauka juu na kubaki na maji ndani, itandaze nyembamba. Mara nyingi ugonjwa ni huo tu.

Angalia pia kipimo cha moto. Tunapima kwa digri 105. Kuna wanaopandisha sana ili wamalize mbio, na kiberiti kilicho ndani ya konsantre kinaanza kuungua. Uzito unabadilika, na ile harufu inayochoma pua ni gazi mbaya kwa kifua. Zima, fungua madirisha, toka inje. Na udongo ao matope yenye kunuka petroli hayaingii humu hata siku moja: yanaweza kuwaka chini ya taa.

Kama mashini haiwaki kabisa, ngoa prizi ukutani. Kuzima kifungo hakutoshi. Ngoja ipoe, nusu saa si nyingi. Ampuli mpya ishike kwa kitambaa safi, sababu mafuta ya vidole yanaiharibu ikipata moto, na inaweza kupasuka. Fizibli mpya iwe na ampere zile zile zilizoandikwa. Ikiungua mara ya pili, acha. Ita fundi wa umeme, weka karatasi: USIGUSE.

Wamama nyumbani nao wasikie: uzi wa shaba si fizibli! Wenyewe hauyeyuki, ni nyaya za ukutani zinazowaka, watoto wamelala.

Vumbi la konsantre ndani ya mashini usilipulize kwa mdomo. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji, prizi ikiwa imengolewa, na uache kuka kausha vizuri mbele ya kurudisha kuranti. Salopeti ibaki kazini. Halafu andika katika kaye ulichokiona na ulichobadilisha, sababu ndugu wa posti ya usiku atakuta mashini ile ile.