Hakuna ruta inayoijua njia nzima

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji zote zilitikisika. Hali ilizidi kuwa mbaya kwa sababu tangu Februari mwaka huohuo nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu, ukiwemo mkongo wa Seacom, zilikuwa zimekatika. Kusini kumefungwa, na kaskazini nako kumebana.

Hata hivyo intaneti haikuzimika yote. Ilipatikana nusunusu: ukurasa mmoja unafunguka, mwingine unazunguka tu, ujumbe wa maandishi unapita, video inakwama. Inakuwaje waya ukatike baharini mbali kule, halafu mtu wa Kigoma aendelee kupokea ujumbe wake kwa kusuasua, bila fundi yeyote kuigusa simu yake? Jibu liko kwenye namna data inavyopewa anwani na inavyosukumwa kutoka mashine moja kwenda nyingine. Mambo haya huachiwa mafundi, ingawa kila mwenye bando yanamhusu.

Tuanze na kile kinachosafiri. Picha unayoituma haiondoki nzima. Simu huikata vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kwa kawaida pakiti moja haizidi baiti 1,500. Picha ya megabaiti tatu, basi, huzaa pakiti zaidi ya 2,000. Kila moja hubandikwa utangulizi mfupi, usiopungua baiti 20 kwa mfumo wa zamani ambao bado umeenea, ukiwa na anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda na maelezo mengine machache. Kuanzia hapo kila pakiti inajitegemea. Mara nyingi pakiti za picha moja hufuata njia ileile, lakini hakuna kanuni inayozilazimisha, na njia ikibadilika katikati ya safari zilizobaki hupita kwingine. Simu ya mpokeaji ndiyo inayozipanga upya.

Wazo hili lilizaliwa miaka ya 1960, kwa Paul Baran nchini Marekani na Donald Davies nchini Uingereza, kila mmoja akifanya kazi kivyake. Wataalamu wa simu wa zama zile hawakulipenda. Walizoea mfumo ambao ukipiga simu unatengewa njia yako peke yako mpaka ukate, na ukinyamaza, njia hiyo inakaa bure. Pakiti zilivunja utaratibu huo: waya mmoja, wasafiri wengi, kila mmoja akipita panapopatikana nafasi.

Sasa anwani. Anwani ya IP ya toleo la nne ni namba ya biti 32, ambayo sisi huiandika kwa mafungu manne, mfano 208.65.153.10. Tarakimu za mwanzo hutaja mtandao, za mwisho hutaja mashine ndani ya mtandao huo. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili huandikwa kwa mkwaju na namba. Ukiona 208.65.152.0/22, maana yake biti 22 za mwanzo ni za mtandao, na biti 10 zilizobaki zinatoa anwani 1,024. Ikiwa ni /24, zinabaki biti nane, yaani anwani 256. Namba ya mkwaju ikikua, eneo linalotajwa linapungua. Msomaji alishike hilo, maana litatuletea kisa kizito baadaye.

Mashine inayoipokea pakiti na kuamua ipelekwe wapi ndiyo ruta. Unayo nyumbani, kile kiboksi chenye antena. Kampuni za simu zinazo kubwa zinazojaza makabati. Kazi yao ni moja: soma anwani ya inakokwenda, angalia kwenye jedwali, sukuma kwa jirani anayefaa. Basi. Ruta haijui njia nzima, wala haijaribu kuijua. Ni kama mgeni anayetafuta duka Kariakoo: wa kwanza anamwambia nenda mpaka pale kwenye kona, ukifika uliza tena; wa pili anamwelekeza mtaa unaofuata; wa tatu ndiye anayemwonyesha mlango. Kila mmoja amejibu sehemu yake, na hakuna aliyemchorea ramani.

Jedwali la ruta ya nyumbani ni fupi mno. Linajua mambo mawili: vifaa vya humu ndani, na kwamba kila kitu kingine kipelekwe kwa mtoa huduma. Ruta za kampuni kubwa hazina wa kumtupia mzigo namna hiyo, kwa hiyo hubeba majedwali yenye njia mamia ya maelfu, karibu milioni moja kwa dunia nzima. Zinayapata kwa kuambizana. Kuna itifaki iitwayo BGP ambayo kwayo mtandao mmoja hutangaza kwa majirani: “Anwani hizi zinapatikana kupitia kwangu.” Majirani huwaambia majirani zao, na ndani ya dakika chache habari imezunguka dunia.

Hicho ndicho kilichotokea mwezi ule wa Mei. Mikongo ilipokatika, ruta zilizoitegemea ziliacha kusikia sauti ya upande wa pili, zikafuta njia hizo na kuhamia zilizobaki, kama vile mkongo wa TEAMS unaotoka Mombasa kwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu, kwa wale waliokuwa na nafasi humo. Nafasi yenyewe ndiyo ilikuwa shida. Njia iliyojengwa kubeba mzigo wa wachache ilivamiwa na mzigo wa wengi.

Na hapa kuna jambo linaloshangaza wengi: ruta ikizidiwa, hutupa pakiti. Ina foleni ya kuhifadhi zinazosubiri, lakini foleni ikijaa, inayofuata inatupwa, bila kumuarifu aliyeituma. Ndivyo ilivyokusudiwa. IP yenyewe haiahidi kufikisha kitu. Inaahidi kujaribu tu. Anayehakikisha ni TCP, programu iliyomo kwenye simu yako na kwenye seva ya upande wa pili. Hiyo huhesabu vilivyofika, hukumbusha visivyofika vitumwe tena, na ikiona vingi vinapotea hupunguza kasi kwa hiari yake. Ndiyo maana ujumbe wa maneno kumi ulipita siku ile: ni pakiti moja au mbili, na zikipotea zinarudiwa. Video inahitaji maelfu kwa mfululizo.

Kuna hatari nyingine. Ikiwa kila ruta inamwamini jirani yake, itakuwaje wawili wakielekezana, huyu akisema nenda kwa yule na yule akisema rudi kwa huyu? Pakiti ingezunguka milele. Dawa yake ni namba moja ndogo kwenye utangulizi, ambayo mara nyingi huanza na 64 au 128, na kila ruta huipunguza kwa moja. Ikifika sifuri, pakiti inatupwa na aliyeituma hupelekewa taarifa.

Lakini jirani akitangaza njia ya uongo, huo ndio mgumu zaidi kuutibu. Tarehe 24 Februari 2008 serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe nchini humo. Kampuni ya Pakistan Telecom ikatangaza ndani ya mtandao wake kwamba anwani 208.65.153.0/24 ziko kwake, ili pakiti za Wapakistani ziingie shimoni. Tangazo hilo likavuja hadi kwa PCCW ya Hong Kong, nayo ikalisambaza duniani bila kuuliza. YouTube yenyewe ilikuwa imetangaza 208.65.152.0/22. Ruta ikikuta majibu mawili kwa anwani moja, huchagua linalotaja eneo dogo zaidi, kwa kuwa linaonekana kujua kwa undani. /24 ikaishinda /22. Kwa muda wa saa mbili hivi watazamaji wa sehemu nyingi za dunia walipelekwa Pakistan, ambako hapakuwa na kitu. YouTube ilijinasua kwa kutangaza maeneo madogo zaidi kuliko ya Pakistan. Tangu wakati huo umeanza utaratibu wa kutia saini za kidijitali kwenye matangazo ya njia, ili ruta iweze kukagua mwenye anwani ni nani. Si mitandao yote inayoufuata, na kwa mtazamo wangu msimamizi wa mawasiliano anayekagua leseni bila kukagua hili anaacha mlango wazi.

Upande wa pili wa shilingi ni kunyamaza. Tarehe 4 Oktoba 2021, saa 12:39 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa takriban saa sita. Watu walizima na kuwasha simu, wengine wakanunua bando jipya. Kumbe amri iliyotolewa wakati wa ukarabati ilikata mtandao wa ndani wa kampuni hiyo, na mashine zake zinazotafsiri majina kuwa anwani zikaacha kujitangaza. Seva zilikuwa zima, lakini dunia haikuwa na njia ya kuzifikia.

Ruta hazina uzalendo wala hazitazami ramani. Miaka ya 1990 watoa huduma wawili wa Nairobi waliotenganishwa na mitaa michache tu hawakuwa na waya wa kuwaunganisha, kwa hiyo barua pepe kutoka kwa mteja wa huyu kwenda kwa mteja wa yule ilipanda setilaiti hadi ng’ambo na kurudi kwa setilaiti. Setilaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi namna hiyo ni kama nusu sekunde kwa pakiti moja, na gharama yake ililipwa kwa fedha za kigeni. Mwishoni mwa 2000 watoa huduma wa Kenya walianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na kituo kikafungwa baada ya wiki chache. Kilifunguliwa tena mapema 2002. Dar es Salaam ina kituo cha namna hiyo kiitwacho TIX. Lakini kituo husaidia pale tu ambapo unachokitafuta kimehifadhiwa karibu. Tovuti ya halmashauri ya Tanzania iliyowekwa kwenye seva ya Ulaya itamlazimu mwananchi wa halmashauri hiyohiyo kuvuka bahari ili asome tangazo la zabuni.

Limebaki suala la anwani kuisha. Biti 32 hutoa namba 4,294,967,296, ambazo hazitoshi hata kumpa kila binadamu moja. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu matano ya mwisho, moja kwa kila kanda. Afrika, kupitia AFRINIC yenye makao yake Ebene nchini Mauritius, ilipata lenye anwani zinazoanza na 102.

Tumeishije tangu hapo? Kwa kushirikiana anwani. Simu yako kwenye waifai ya nyumbani pengine inaitwa 192.168.1.5, na ya jirani pia, maana namba zinazoanza na 192.168 au 10 zimetengwa kwa matumizi ya ndani na hazitakiwi kuonekana nje. Ruta ya nyumbani hufuta anwani hiyo kwenye kila pakiti inayotoka, huweka yake, na hukumbuka ni nani aliyeomba nini ili jibu likirudi ijue wa kumpa. Kampuni za simu hufanya hivyohivyo kwa maelfu ya wateja kwa pamoja. Ukiona tovuti inakudai uthibitishe kwamba wewe si roboti wakati hujafanya lolote, huenda kuna mwingine uliyegawiwa naye anwani moja aliyefanya vurugu.

Dawa ya kudumu ni toleo la sita, IPv6, lenye biti 128: anwani 340 zikifuatwa na sifuri 36, kwa makadirio. Simu nyingi za kisasa tayari zinalielewa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtoa huduma kuliwasha, na mteja ana haki ya kumuuliza lini atafanya hivyo.

Ukitaka kuona safari hii kwa macho yako, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta ya Windows, andika tracert, acha nafasi, kisha jina la tovuti yoyote. Itaorodhesha ruta moja baada ya nyingine na muda wa kufika kila moja kwa milisekunde. Muda ukiruka ghafla kutoka 10 hadi 150 na kubaki hapo mpaka mwisho, kuna uwezekano mkubwa pakiti zako zimevuka bahari. Ukiona nyota mahali pa muda, usimpigie mtoa huduma kulalamika bado: ruta nyingi zimezuiwa zisijibu maswali ya namna hiyo, na pakiti zinaendelea kupita.