Mlango Unaojifungua: Uulize Mwimo

Mlango ukijifungua wenyewe usiku wala hakuna upepo, wenye nyumba hukunja karatasi wakaibana kati ya mlango na fremu. Akiitwa seremala, naye mara nyingi huanza na randa. Wote wanautibu mlango, na mlango si mgonjwa. Mgonjwa ni mwimo, yaani ule mti wa fremu uliobeba bawaba: umeacha kusimama wima.

Kanuni ni moja: mlango hukimbilia upande ambao kichwa cha mwimo kimeinamia. Kikiinamia chumbani, mlango huelekea chumbani. Kikiinamia upande wa kitasa, mlango hujifunga. Kikilala kinyume cha kitasa, hufunguka mpaka ugonge ukuta. Tuseme mlango wa mbao una kilo 30, na mwimo wa mita 2 umelala sentimita 1 tu. Nguvu inayousukuma, ukiipima katikati ya ubao, haizidi uzito wa gramu 150 hivi. Ni kidogo, lakini bawaba laini haiizuii. Ndiyo maana mlango uliotulia mwaka mzima huweza kuanza kutembea siku ileile bawaba zake zinapopakwa mafuta. Mafuta hayana kosa. Yameondoa msuguano uliokuwa ukificha kasoro ya zamani.

Hapa Hombo, penye mto unaotenganisha Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini kwenye barabara ya Bukavu kwenda Walikale, mwimo haukosi sababu za kulala. Mbao hutoka msituni zikiwa mbichi, na wengi huzipigilia misumari kabla hazijakauka. Mbao hukaza na kunywea unyevu wake unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, na hapo ndipo mwimo ulionyooka siku ya ujenzi hupinda. Mguu uliozikwa udongoni huoza kwa mvua au huliwa na mchwa. Kwenye miteremko, kama ile ya Masisi, kiwanja huchimbwa upande mmoja na kufukiwa upande wa pili. Upande wa kifusi huzama polepole na kuvuta fremu. Tena ardhi ya Kivu hutikisika: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilibomoa nyumba huku Kongo na ng'ambo Rwanda.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Kama huna timazi, funga kufuli kwenye uzi. Pigilia msumari juu ya mwimo upande wa chumbani, ning'iniza uzi uache nafasi kidogo, ungoje kufuli litulie. Pima nafasi kati ya uzi na mti, juu na chini. Ukipata sentimita 3 juu na 4 chini, kichwa cha mwimo kimeinamia chumbani kwa sentimita 1. Rudia kwenye uso wa mwimo unaotazama kitasa, kwa sababu mwimo unaweza kulala pande mbili kwa pamoja.

Sasa tengeneza, ukianza na lililo jepesi. Kwanza tikisa bawaba ya juu. Ikiwa skrubu zimelegea, mlango huivuta kuelekea kitasa: hujifunga, na kona yake ya chini hukwaruza sakafu. Usiongeze msumari. Toa skrubu, jaza tundu kwa kijiti cha mti mgumu kilichopakwa gundi, kikate sawa na mwimo, kisha toboa upya tundu jembamba na urudishe skrubu.

Ikiwa bawaba ni imara na mlango unajifungua kidogo tu, weka kipande cha boksi nyuma ya bawaba ya juu, kati yake na mwimo. Kwa mlango unaojifunga, kiweke nyuma ya bawaba ya chini. Milimita 1 au 2 hutosha. Ukizidisha, ubao utagusa fremu upande wa kitasa. Kama pini ya bawaba hutoka, unaweza pia kuilaza juu ya jiwe na kuigonga kidogo katikati ipinde kiasi kisichoonekana kwa urahisi. Msuguano utarudi, ingawa mwimo utabaki umelala.

Ulalo wa sentimita 1 kuelekea chumbani unataka kuhamisha bawaba. Sogeza ya juu milimita 5 kuelekea nje na ya chini milimita 5 kuelekea chumbani. Ukigawa hivyo, macho hayaoni tofauti. Mguu ukiwa umeoza, hakuna bawaba itakayousaidia: kata sehemu iliyooza, simamisha mwimo juu ya jiwe au zege, upake oili chafu kuzuia mchwa.

Si kila ulalo ni kosa. Mlango wa choo au wa jikoni unafaa kujifunga, na fundi mjuzi huinamisha bawaba ya juu kidogo kuelekea kitasa kwa makusudi.

Ukishamaliza, ning'iniza tena uzi, weka alama ya penseli sakafuni chini ya kufuli, kisha pima tena baada ya mvua nyingi. Alama ikikaa palepale, kazi imekwisha. Ikisogea, au nyufa zikianza juu ya fremu, acha kumlipa seremala. Tafuta mwashi aangalie msingi.