Deraya ya kwenye gemu hupata wapi rangi yake? Ukilijua hili, tapeli hakupati

Kijana aliyekaa kijiweni Mamboya, wilayani Kilosa, anaweza kufua deraya nzima bila kushika mkaa wala nyundo. Anachohitaji ni simu, bando na muda.

Gemu lenyewe ni Old School RuneScape, la kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. RuneScape ya kwanza ilitoka Januari 2001, toleo hili la Old School likaja Februari 2013, na tangu Oktoba 2018 linachezwa kwenye simu za Android na iPhone. Kujiunga ni bure, ingawa kuna sehemu za kulipia.

Humo ndani wachezaji wanachimba madini, wanapika, wanavua samaki na wanafua deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani. Mchezaji mpya akikutana na mwenzake aliyevaa deraya ya kijani, au yenye mistari ya dhahabu, swali ni moja: hiyo rangi kaitoa wapi?

Jibu lake ni fupi. Ila wasiolijua ndio wanaolizwa.

Kwanza, inafuliwaje?

Mchezaji anachimba mawe ya madini, anayayeyusha kwenye tanuri, anapata vipande vya chuma. Kisha anaenda kwenye fuawe na nyundo yake, anachagua anachotaka kutengeneza.

Shaba moja na bati moja vinatoa kipande kimoja cha bronzi. Chuma cha pua kinataka chuma kimoja na makaa ya mawe mawili. Kadiri madini yanavyopanda hadhi, ndivyo makaa yanavyozidi: mithril manne, adamant sita, rune manane.

Deraya ya kifua inakula vipande vitano. Kwa hiyo ya rune, kwenye tanuri la kawaida, inamaliza mawe matano ya rune na makaa 40. Na fundi lazima awe amefika ngazi ya 99 ya ufuaji, ambayo ndiyo ya mwisho. Kufika huko kunataka pointi 13,034,431. Si kazi ya wiki moja.

Rangi inatoka kwenye madini

Hapa ndipo penye siri. Bronzi inatoa deraya ya kahawia. Chuma ni kijivu kilichokoza, chuma cha pua ni kijivu cha kung'aa. Mithril ni bluu, adamant ni kijani, na rune ni bluu ya feruzi.

Umbo la deraya ya kifua ni lilelile kwa madini yote hayo. Kinachobadilika ni rangi tu.

Inakuwaje? Kila kitu kwenye gemu kina namba yake. Mchezaji akivaa deraya ya mithril, seva haitumi picha kwa watu walio karibu naye. Inatuma namba. Simu zao zinaipokea, zinachukua umbo ambalo tayari limo kwenye mafaili ya gemu, kisha zinalipaka rangi inayoendana na namba hiyo.

Mbinu hii ni ya zamani, enzi RuneScape ikichezwa ndani ya kivinjari cha kompyuta na intaneti ikiwa ya kusuasua. Mchoro mmoja unavaliwa na madini mengi, na kinachosafiri kwenye mtandao ni kidogo. Mwenye bando dogo anaelewa faida yake.

Mkono wa fundi hauonekani

Mhunzi wa kweli, awe kijijini au Gerezani, Dar es Salaam, anaacha alama kwenye kazi yake. Majembe mawili ya fundi mmoja hayafanani kabisa, na mteja mzoefu anajua lipi limepigwa na nani.

Kwenye gemu hili hakuna kitu hicho. Deraya ya kifua ya bronzi iliyofuliwa na mtu wa ngazi ya 18, ambayo ndiyo ngazi ya chini inayoruhusiwa, haina tofauti yoyote na ya mtu wa ngazi ya 99. Namba ni ileile, rangi ni ileile, kinga ni ileile.

Si magemu yote yako hivyo. Kwenye The Elder Scrolls Online, iliyotoka 2014, fundi anachagua mtindo kabla ya kutengeneza, na kila mtindo una malighafi yake. Deraya ya mtindo wa Dark Elf inataka obsidian, ya Redguard inataka starmetal. Na tangu 2018 mvaaji anaweza kubadili mwonekano baadaye bila kugusa nguvu ya deraya.

Basi ile ya dhahabu imetoka wapi?

Deraya za rune zenye mistari ya dhahabu hazifuliwi na mtu. Zinatoka kwenye zawadi za Treasure Trails, ambako mchezaji anafuata mafumbo moja baada ya jingine mpaka afike kwenye sanduku.

Kinga yake ni sawasawa na ya rune ya kawaida. Haizuii panga hata kidogo zaidi. Ila ni adimu na inapendeza, kwa hiyo sokoni ndani ya gemu bei yake iko juu.

Tapeli anapoingilia hapo

Sasa anatokea mtu anaandika kwenye chati: "Natia nakshi deraya, bure kabisa." Anamwambia mgeni ampe deraya yake ya rune, ataipamba na kuirudisha baada ya dakika moja. Mgeni anakabidhi. Jamaa anatoka kwenye gemu, na deraya ndiyo imeenda.

Utapeli huu ni mkongwe kiasi kwamba wachezaji wazoefu wanaufanyia utani. Bado unanasa watu, kwa sababu kila siku kuna mtu anayeingia kwa mara ya kwanza. Na Jagex hairudishi vitu vilivyoibiwa kwa njia hiyo.

Kazi ya miezi inapotea kwa sentensi moja. Kwa Mtanzania mbinu si ngeni: ni ndugu wa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli anatumia kile ambacho mlengwa hajui mfumo unavyofanya kazi.

Cha kushika

Rangi ya deraya iko kwenye namba ya kitu, na namba hiyo haibadilishwi na nyundo ya mchezaji mwingine. Yapo mapambo ya kuongeza kwenye baadhi ya deraya, lakini mwenye deraya anayaweka mwenyewe. Hahitaji kumkabidhi mtu.

Kwa hiyo anayesema "nipe nikupambie" hana anachoweza kupamba. Usimpe deraya, na nywila ya akaunti usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni. Na utapeli ukihamia kwenye meseji za kawaida za simu, itume namba ya tapeli kwenda 15040.