Chora Mwenyewe, Kisha Mashine Ikukosoe

Siku hizi mwanafunzi wa ubunifu wa violesura akiandika sentensi moja tu, zana ya akili mnemba humchorea ukurasa mzima wa programu ya simu. Ukurasa unapendeza, ila yeye hajajifunza lolote. Naamini zana hizi humfaa zaidi zikimkosoa kazi aliyoichora mwenyewe. Mwaka 1990 Rolf Molich na Jakob Nielsen walichapisha utafiti wa watu waliokagua violesura kwa kufuata kanuni chache. Mkaguzi mmoja mmoja aligundua kati ya asilimia 20 na 51 tu ya dosari. Walipounganishwa watatu hadi watano, matokeo yakawa mazuri, kwa kuwa alichokipita huyu kilionwa na yule. Anayejifunza peke yake hana wenzake wa kumkagulia hivyo. Mashine inaweza kujaza angalau nafasi moja, mradi aandike kwanza dosari alizoziona yeye ndipo aiulize. Tofauti kati ya orodha hizo mbili ndiyo somo lenyewe. Na asiulize kama skrini ni nzuri, maana mashine hizi hupenda kumsifu mwenye kazi. Kwa skrini ya kutuma pesa aulize: mtu akikosea tarakimu moja ya namba ya simu, atalijua kosa lake wapi kabla pesa hazijaondoka?

Wapo watakaosema mashine hukosea, tena kwa kujiamini. Ni kweli, na hilo ni zito kwa mgeni wa fani asiyeweza kubishana nayo. Lakini mambo mengi hupimika. Mashine ikimwambia kwamba maandishi ya kijivu yenye msimbo #999999 juu ya nyeupe yanasomeka vizuri, akokotoe uwiano wa utofauti wa mwangaza kati ya rangi hizo mbili: atapata takriban 2.85 kwa 1, ilhali mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti (WCAG) unadai 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Akishakokotoa hivyo mara kadhaa, jicho lake litaanza kuishuku kijivu hiyo hata kabla ya kupima.

Yasiyopimika kwa hesabu yanahitaji watu. Mashine haijawahi kushika simu yenye kioo kilichopasuka kwenye jua la saa saba, mkono wa pili umebeba mzigo. Muuza mboga anayepokea malipo sokoni anajua kitufe kipi humponyoka, na kwake mwanafunzi lazima afike na mchoro wake.