Barafu ya Kilimanjaro na Kubadilika kwa Tabia ya Nchi

Tarehe 11 Mei mwaka wa 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka upande wa Mombasa kwenda Uchagga, aliona weupe juu ya mlima uliokuwa mbele yake. Akamwuliza kiongozi wake ule weupe ni kitu gani. Kiongozi hakuwa na jina la kitu chenyewe. Alijibu kwa neno moja tu, "baridi". Rebmann alitambua kwamba ile ni theluji, akaandika habari zake. Lakini habari hizo zilipofika Ulaya, bingwa mmoja wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, alizikana kabisa, akishikilia kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi, mpaka Baron von der Decken alipoupanda mlima mwaka wa 1862 akaangukiwa na theluji yeye mwenyewe.

Kabla ya kuendelea yafaa tutengane na mkanganyo mmoja wa maneno, kwa maana hoja yetu yote inautegemea. Lugha yetu ina maneno mawili, theluji na barafu. La kwanza limetoka katika Kiarabu na la pili katika Kiajemi, na ajabu ni kwamba kwa Waajemi neno lao ndilo la theluji iangukayo, ambapo sisi twalitumia kwa kitu kigumu kilichogandamana. Katika makala haya theluji itakuwa ile iangukayo kutoka mawinguni, nyeupe na laini. Barafu itakuwa ile iliyokaa miaka mingi mlimani ikashindiliana hata ikawa kama jabali. Theluji ni mapato, barafu ni akiba. Vivyo hivyo hali ya hewa si tabia ya nchi: hali ni ya leo na kesho, tabia ni ile idhihirikayo mtu akipima mvua, joto na upepo kwa miaka thelathini au zaidi. Wasemao siku hizi "tabianchi" wameyaunganisha maneno tu. Maana ni ile ile ya zamani, na ni maana nzuri, kwa sababu mtu hahukumiwi tabia yake kwa kosa la siku moja.

Tuitazame basi akiba hiyo. Hans Meyer, aliyefika kileleni Kibo mwaka wa 1889, alikuta sehemu kubwa ya kilele imefunikwa. Aliporudi mwaka wa 1898 aliona kwamba barafu imekwisha kupungua. Ramani ya mwaka wa 1912 yaonyesha eneo la barafu lipatalo kilometa 12 za mraba. Picha za mwaka wa 2011 zaonyesha chini ya kilometa 2. Kwa hesabu ya Lonnie Thompson na wenzake, sehemu 85 katika kila 100 za eneo la mwaka wa 1912 zilikuwa zimetoweka ilipofika mwaka wa 2007. Huyu Thompson ndiye aliyeitoboa barafu hiyo mwaka wa 2000 akatoa vipande virefu mfano wa nguzo, akakadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700, ingawa wataalamu wengine wameutilia shaka umri huo. Alibashiri pia kwamba yote itakwisha kati ya mwaka wa 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ingaliko, kidogo na imekatika vipande vipande. Mwaka wa 2022 UNESCO ilisema kwamba barafu ya milima ya Afrika yote, yaani Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori, yaelekea kutoweka kabla ya mwaka wa 2050.

Hapa ndipo swali gumu linapoingia: sababu ni nini? Watu wengi wamekwisha kulijibu kwa haraka. Dunia inapata joto, barafu huyeyuka kwa joto, basi imekwisha habari. Jibu hilo si la uongo, bali lina pengo katikati, na msomaji mwenye kupenda ukweli hana budi kulitazama pengo hilo.

Kwanza tuseme lile lisilo na shaka. Mwanga wa jua hupita hewani bila taabu hata ukafika ardhini. Ardhi ikipata moto huurudisha juu, lakini si kwa namna ya mwanga uonekanao. Na joto hilo la kurudi huzuiwa na mvuke wa maji na gesi kadha wa kadha, hasa hewa ya ukaa, ile itokayo katika moto wa kuni, makaa ya mawe na mafuta. Pasipo kizuizi hicho dunia ingekuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 33 hivi za Selsiasi, wala hapana mtu ambaye angeishi Moshi wala Mombasa. Kwa hiyo kizuizi chenyewe ni neema. Ubaya uko katika kukizidisha. John Tyndall alithibitisha kwa vipimo mwaka wa 1859 kwamba gesi hizo hushika joto, na mwaka wa 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa joto litakaloongezeka iwapo hewa ya ukaa itazidi. Mwaka wa 1958 Charles Keeling alianza kuipima juu ya mlima wa Mauna Loa katika Hawaii, akapata kiasi cha sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya viwanda zilikuwa 280 hivi. Leo zimepita 420. Na ukaa huu si wa kusingiziwa volkeno, kwa kuwa una alama zake: ule utokao katika makaa na mafuta yaliyozikwa tangu zama hutambulikana kwa uzito wa chembe zake. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto lililozidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa kiasi cha nyuzi 1.1. Barafu za Alps, za Andes na za Himalaya zimerudi nyuma, na sababu yake kubwa ni hiyo.

Lakini Kilimanjaro una shauri lake. Kilele chake kipo mita 5,895 juu ya bahari, na pale palipo barafu joto la wastani ni nyuzi 7 hivi chini ya kiwango cha kuganda. Barafu haiyeyuki kwa urahisi mahali kama hapo. Hata hivyo hupotea, na njia yake ni kugeuka mvuke moja kwa moja bila kwanza kuwa maji. Hewa ya juu ni kavu mno, na jua la ikweta ni kali. Basi hewa hiyo huinyonya barafu kidogo kidogo kama inyonyavyo maji ya nguo iliyoanikwa. Msafiri aendaye huko haoni vijito vikubwa vikitiririka kutoka katika barafu. Huona kuta zilizosimama wima, ndefu kupita kimo cha nyumba, zenye michirizi na makali. Kuta hizo hupigwa na jua kwa zamu, zile zielekeazo kaskazini karibu na mwezi wa Juni na zile za kusini karibu na Desemba. Theluji haishiki juu ya ukuta. Kwa hiyo ukuta ukiisha kutokea hauwezi kujirudishia kilichotoka; hurudi nyuma tu mwaka baada ya mwaka.

Sehemu za juu zilizo tambarare ndizo ziwezazo kupata akiba mpya, na hapo theluji ni kila kitu. Theluji mpya ni nyeupe, nayo huurudisha mwanga wa jua juu. Ikikosekana, barafu iliyochakaa na kuingiwa na vumbi huumeza mwanga huo na kupotea upesi. Mwaka wenye theluji nyingi huponya, mwaka mkavu huua. Kwa hiyo Georg Kaser, Thomas Mölg, Douglas Hardy na wenzao, ambao baadhi yao wamekuwa wakisoma vipimo vya kituo kilichowekwa juu ya barafu mwaka wa 2000, walisema kwamba chanzo cha kupungua ni ukavu zaidi kuliko joto; na kwamba ukavu huo ulianza karibu na mwaka wa 1880, zamani ambapo maziwa ya Afrika Mashariki nayo yalishuka baada ya kujaa sana. Hapo motokaa bado hazijaenea duniani, wala hewa ya ukaa haijazidi sana.

Je, tuseme basi kwamba mwanadamu hana hatia juu ya Kibo? Wako waliofurahia kusema hivyo, tena kwa nia isiyo safi. Mimi naona kwamba kosa la kwanza na kosa la pili ni ndugu. Barafu ilianza kupungua kwa sababu ya kugeuka kwa mvua, hilo nalikubali. Walakini dunia iliyoanza kuipunguza siyo dunia inayoimaliza. Thompson aliona katika tabaka ya juu kabisa ya barafu hiyo dalili za kuyeyuka ambazo hakuziona katika tabaka za chini. Tena mvua na theluji za Afrika Mashariki hutoka katika Bahari ya Hindi, na bahari hiyo sasa ina joto kuliko ilivyokuwa. Kwani sehemu zaidi ya 90 katika 100 za joto lililozidi duniani zimemezwa na bahari.

Jambo hili la bahari lataka maelezo, maana ndilo linalomgusa mkulima na baharia kuliko barafu. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yanapopata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mawingu hujengeka huku na vuli huja kwa ghadhabu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1961, na 1997, na 2019. Baada ya mvua za 1961 Ziwa Viktoria lilipanda hata likafikia kilele mwaka wa 1964, na kiwango hicho hakikupitwa mpaka Mei 2020. Mambo yakigeuka, joto likiwa upande wa mashariki, kwetu huwa ukame. Misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana au zilipungua sana katika sehemu za Kenya, Somalia na Ethiopia, na mifugo isiyo na idadi ikafa. Tofauti hizo za bahari zilikuwako tangu kale; wazee wa pwani walizijua kwa matokeo yake bila kuzipima. Kilichoongezeka ni joto la jumla: mvua ikija huwa nzito zaidi kwa kuwa hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na isipokuja, ardhi hukauka upesi zaidi.

Sasa turudi mlimani, kwa habari ya maji. Imesemwa mara nyingi kwamba barafu ikiisha, chemchemi za Uchagga zitakauka, na Mto Pangani nao utakufa. Hofu hiyo haina msingi huko iliko. Barafu iliyobaki ni ndogo mno, na sehemu yake kubwa hupanda hewani bila kuwa maji. Maji yajazayo mifongo ya Wachagga, na yale yateremkayo hata bwawa la Nyumba ya Mungu, hutoka katika msitu. Mvua nyingi huanguka katika ukanda wa msitu, na juu yake kuna miti iliyovaa kuvu na ndevu za mwani mkavu ambayo huukamata ukungu upitao na kuudondosha tone kwa tone.

Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, alionyesha mwaka wa 2005 kwamba moto umeuteremsha mpaka wa juu wa msitu huo, na kwamba maji yaliyopotea kwa kuungua kwa miti yapita mbali maji yanayopotea kwa kwisha kwa barafu. Moto aghalabu huwashwa na watu, kama warina asali na wengineo. Lakini mlima ulio mkavu huwaka vibaya zaidi na kwa siku nyingi zaidi. Mioto mikubwa ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 haikuwa ya kwanza. Basi ndipo ninapoona hatari ya lile jibu la haraka: mwenye kuamini kwamba maji yake hutoka katika barafu, naye aona barafu yaisha kwa sababu ya viwanda vya mbali, ataketi akingoja msiba, na huku msitu umpao maji unaungua nyuma ya nyumba yake, jambo ambalo angeweza kulizuia.

Si kwamba joto limewaacha salama wakazi wa mlimani. Kahawa ya arabika hupenda usiku wa baridi. Utafiti wa mashamba ya Tanzania uliotolewa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba mavuno hupungua kadiri joto la usiku linavyopanda. Mkulima aweza kupanda mibuni juu zaidi, lakini juu yake kuna mpaka wa msitu, ambao tangu mwaka wa 2005 umo ndani ya hifadhi ya taifa. Na hewa ya ukaa iliyoleta joto hilo haikutoka kwake. Afrika nzima hutoa chini ya sehemu 4 katika 100 za hewa hiyo itolewayo duniani.

Barafu iliyosalia Kibo sasa imo zaidi upande wa kaskazini, na vipande vichache kusini. Itakapokwisha, theluji haitakwisha pamoja nayo. Itaendelea kuanguka katika miaka ya mvua nyingi, itang'aa siku chache au majuma machache, kisha itapotea. Na msafiri atakayepita upande wa Taveta asubuhi ya siku kama hiyo ataona weupe ule ule aliouona Rebmann.